Ufunguo wa baruapepe yako uko mkononi mwa nani?

Trela likitoka Kilindini na shehena ya Kampala, nyaraka zake hufika hapa mpakani kabla ya magurudumu. Tangu mpango wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ukiwa ungali bandarini Mombasa, na makaratasi husafiri kwa kompyuta. Hubaki zaidi ya kilomita 900 za barabara, na mwisho wake ni Malaba au Busia, ambako utawakuta watu wetu wengi wa pwani: madereva, mataniboi, maajenti wa forodha, wafanyabiashara wa vitenge. Naandika nikiwa Busia, na jambo ninalotaka kulieleza nimeliona huku waziwazi kuliko nilivyoliona Mombasa, ijapokuwa Mombasa nako lipo. Ni habari ya sanduku la baruapepe: nani hasa analimiliki, nani anaweza kulifungua, na vipi ulirudishe mkononi mwako ikiwa limekutoka bila wewe kujua.

Wengi wetu husema, "Mimi baruapepe situmii, mimi ni WhatsApp tu." Unaitumia, ndugu yangu. PIN yako ya KRA imefungwa kwenye baruapepe. Akaunti yako ya eCitizen, ambako siku hizi ndiko kunakoombwa pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha tabia njema, ina baruapepe ndani yake. Mwanao akiomba mkopo wa HELB, ni hivyo hivyo. Mingi ya mifumo hii ina kitufe cha "nimesahau nywila", na ukikibonyeza, njia ya kuweka nywila mpya hutumwa kwenye sanduku lako la barua. Kwa hiyo mtu aliyeshika baruapepe yako hana haja ya kuiba nywila ya iTax wala ya benki. Atabonyeza tu kitufe hicho, asubiri barua, aifute baada ya kuisoma. Wewe utakuja kujua siku unayohitaji cheti kwa haraka na mlango umegoma.

Sasa tuulize: ni nani aliyekufungulia akaunti hiyo?

Kuanzia Malaba hadi Nangina, kule Samia kusini mwa mji wa Busia, jibu ni lile lile utakalolipata Likoni au Malindi: kijana wa saiba. Mtu alikwenda kutafuta PIN ya KRA, akaambiwa lazima awe na baruapepe, akasema hana, kijana akamfungulia palepale kwa dakika tano. Jina na mwaka wa kuzaliwa. Nywila ni jina la mteja na 123 mwishoni, au ni ile ile anayowawekea wateja wote ili asisahau. Mfumo ulipoomba namba ya simu, mteja simu aliiacha nyumbani, au haina chaji, basi kijana akaweka yake. Mteja akapewa kikaratasi. Kikaratasi kilifuliwa pamoja na suruali. Kila mwaka ifikapo mwisho wa Juni, siku za kujaza fomu za ushuru, mteja hurudi kwa kijana yule yule, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeweza kuingia.

Sisemi vijana hawa ni wezi. Wengi wao ni watu wema wanaosaidia wazee wasiojua kusoma vizuri, kwa shilingi chache. Lakini kijana mmoja ameshika funguo za nyumba nyingi sana, na yeye mwenyewe hazilindi. Zimeandikwa kwenye daftari lililo juu ya meza ambapo kila mtu hupita. Kesho ataacha kazi, na daftari litabaki na mwingine.

Jambo ambalo watu hawalijui ni hili. Kwa macho ya Google au Yahoo, mwenye akaunti si yule ambaye jina lake limeandikwa juu, wala si lazima awe yule anayejua nywila. Ni yule anayeweza kupokea ujumbe wa kurejesha akaunti, ama kwa namba ya simu iliyosajiliwa humo, ama kwa baruapepe ya pili. Ukibadilisha nywila leo na namba ya kijana wa saiba ikabaki humo, hujafanya kitu. Anaweza kuirejesha kwake akiwa kitandani.

Basi kazi ya kwanza ni hiyo, na inachukua robo saa. Fungua Gmail kwenye simu yako mwenyewe, gusa ile picha au herufi ya jina lako juu kulia, ingia "Dhibiti Akaunti yako ya Google", kisha "Usalama". Tafuta namba ya simu ya kurejesha akaunti na baruapepe ya kurejesha akaunti. Kama namba si yako, iondoe uweke yako. Kama baruapepe ni ya mtu usiyemjua, iondoe. Hapo hapo, shuka hadi "Vifaa vyako" uangalie orodha ya simu na kompyuta ambazo akaunti yako iko wazi. Usishangae kuona kompyuta ambayo uliigusa mara moja miaka miwili nyuma. Iondoe. Halafu ndipo ubadilishe nywila. Ukianza na nywila ukaishia hapo, utakuwa umebadilisha kufuli na dirisha liko wazi.

Huku mpakani kuna tatizo jingine, ambalo ndugu zangu madereva watalielewa upesi. Neno boda boda lenyewe limezaliwa hapa Busia, kwa zile baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo cha mpaka wa Kenya hadi cha Uganda, na hadi leo maisha ya huku ni ya kuvuka na kurudi. Kila mtu ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na wengine wana tatu. Baruapepe imefunguliwa kwa laini iliyokuwa kwenye simu siku hiyo. Namjua dereva mmoja, mtu wa Kisauni, aliyefungua akaunti yake akiwa na laini ya Uganda zama alipokuwa akipeleka mizigo Juba. Safari za Juba zikakoma, laini akaitupa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mteja mwingine. Ndivyo zinavyofanya kampuni za simu kote. Alipobadilisha simu, Google ikamwambia imemtumia namba ya uthibitisho, na ile namba ikaingia kwenye simu ya mama mmoja upande wa pili wa mpaka. Akampigia, akamwomba amsomee. Mama akakataa katakata, akasema yeye hatoi namba za siri kwa mtu asiyemjua. Na mama huyo alikuwa na haki kabisa! Dereva wetu aliipata akaunti yake baadaye, baada ya kurudi nyumbani na kutumia simu yake ya zamani iliyokuwa bado inaitambua.

Hilo ni la kuzingatia hata kwa asiyevuka mpaka. Namba uliyoweka iwe ni namba unayokusudia kukaa nayo, imesajiliwa kwa kitambulisho chako na si cha shemeji. Kwa Kenya, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako; wapo waliokuta ngeni. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishiwe kadi na wakala wa mtaani bila yeye kujua, kwani wizi wa kuhamisha laini ndio njia ya mkato ya kuingia kwenye kila kitu chako. Pia weka namba ya siri kwenye kadi yenyewe ya simu. Mwizi akikupora simu kwenye foleni ya Malaba, hana haja ya kufungua simu yako. Ataichomoa kadi, aitie kwenye simu yake, na namba za uthibitisho zitamfuata yeye. Lakini tahadhari: ukikosea namba hiyo mara tatu kadi hujifunga, na utahitaji namba ya PUK kuifungua.

Juu ya nywila nitasema machache kwa sababu kila mtu ameshahubiriwa. Urefu ni bora kuliko vikorombwezo. Maneno manne au matano yasiyohusiana, unayoyaona akilini mwako wewe, ni magumu kuyakisia kuliko neno moja lenye alama za dola na nyota. Zile kanuni za kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu na kuchanganya herufi kubwa na alama zilienezwa na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003, na mwaka 2017 aliyeuandika, Bill Burr, alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Lililo muhimu ni kwamba nywila ya baruapepe isitumike popote pengine. Na kama kumbukumbu haikusaidii, iandike kwenye kitabu ukiweke nyumbani mahali pa siri. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako la nguo.

Watu wa rika langu, wengi tulianza na Yahoo, miaka ile ya saiba za Digo Road ambapo unalipa kwa dakika. Akaunti hizo zina hatari yake. Mwaka 2013 wadukuzi waliingia Yahoo, na mwaka 2017 kampuni ikakiri kwamba akaunti zilizoguswa ni zote, yaani bilioni 3. Kama nywila yako ya zama hizo bado unaitumia mahali popote, ijue ni nywila iliyoibwa. Zaidi ya hapo, mwaka huo huo wa 2013 Yahoo ilianza kuwapa watu wapya majina ya akaunti zilizokaa zaidi ya mwaka bila kufunguliwa. Fikiri: Gmail yako umeiwekea Yahoo yako ya kale kuwa baruapepe ya kurejesha, Yahoo huifungui tangu mtoto wako wa kwanza azaliwe, na leo jina lile limeshikwa na mtu wa Manila. Ingia kwenye Yahoo hiyo leo, au uiondoe. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumika, kwa hiyo ile akaunti yenye picha za marehemu babu ifungue walau mara moja moja.

Kinachofuata ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia. Wengi huchagua ujumbe wa simu, na kwa mtu wa Mombasa asiyetoka Mombasa ni bora kuliko kutokuwa na chochote. Kwa dereva si mzuri. Laini ya Kenya ikiwa imezimwa, au haishiki mtandao wa Uganda, namba haifiki, na hapo utajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe ukiwa Tororo. Tumia programu ya uthibitishaji kwenye simu, kama Google Authenticator, ambayo hutoa namba mpya kila baada ya sekunde 30 bila intaneti na bila laini yoyote, kwa sababu inahesabu kwa saa. Saa ya simu ikiwa imeachwa mbele au nyuma, namba itakataliwa; iache simu ijirekebishe saa yenyewe. Pamoja na hiyo, chukua namba za akiba. Google hukupa 10, kila moja hutumika mara moja tu. Zichape, weka nakala moja nyumbani na nyingine mahali utakapoipata safarini, lakini usiandike juu yake ni za akaunti gani.

Na namba yoyote inayokuja kwenye simu yako, usimsomee mtu. Si wa Google, si wa KRA, si wa benki, si rafiki ambaye "ametuma kwa bahati mbaya kwako". Mfano ni yule mama wa Uganda.

Tena kuna barua za uwongo, na hapa hata wakubwa wameanguka. Machi 2016 John Podesta, aliyeongoza kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, alipata barua iliyojifanya ya Google, ikimwambia mtu wa Ukraine ameiba nywila yake, abonyeze pale aibadilishe. Watu wake walijadiliana, msaidizi mmoja wa kompyuta akaandika kwamba ni barua halali, baadaye akaeleza alikusudia kuandika kinyume chake. Kiungo kikabonyezwa. Oktoba mwaka huo maelfu ya barua zake yakawa kwenye WikiLeaks na dunia nzima inasoma. Kwetu sisi mtego hauji kwa jina la Ukraine. Huja kwa jina la marejesho ya KRA, au kazi ya Doha na Muscat yenye mshahara mnono, wakitaka nakala ya pasipoti na "ada ndogo". Dawa ni moja: usiingie kupitia kiungo kilichoko ndani ya barua. Funga barua, andika mwenyewe anwani ya iTax au ya benki, uangalie kama kuna ujumbe wowote.

Maajenti wa forodha nawasemesha peke yenu kidogo. Wizi unaowahusu ni wa kimya. Mtu huingia kwenye sanduku lako, hafuti kitu, habadilishi nywila. Anasoma tu, wiki hata miezi, mpaka ajue mteja wako wa Kampala anaandika vipi na hati ya malipo inakwenda lini. Siku hiyo hutuma barua yenye namba ya akaunti ya benki iliyobadilishwa, na pesa zinakwenda. Septemba 2019 Marekani ilitangaza kukamatwa kwa watu 281 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa operesheni dhidi ya ulaghai wa namna hii. Ili kusoma bila kuonekana, mwizi huweka amri ya kusambaza, kwamba kila barua inayokuingia nakala yake imfikie. Amri hiyo haionekani kwenye programu ya simu. Fungua Gmail kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio, soma sehemu ya "Usambazaji" na ile ya vichujio. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute. Na barua yoyote inayosema namba ya benki imebadilika, mpigie mwenzako kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua.

Narudi saiba, kwa sababu hatuwezi kuikwepa. Kuchapa na kuskani lazima. Ukifungua baruapepe yako pale ili uchape pasipoti, ile pasipoti inabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa hata ukitoka. Kaa kwenye kompyuta yoyote ya saiba hapa Busia uangalie folda hiyo: vitambulisho, vyeti vya ndoa, matokeo ya hospitali, vya watu ambao hawajui. Ukilazimika kuingia, tumia dirisha la Hali Fiche, futa ulichopakua, fagia na pipa la taka la kompyuta, toka kwenye akaunti. Bora zaidi, usiingie kabisa. Beba waraka kwenye flashi, au tuma ule mmoja tu kwa anwani ya saiba na usimame hapo mpaka waufute mbele yako. Hiyo nakala moja inaweza kubaki, lakini ni nakala moja, si sanduku zima la miaka kumi.

Dini yetu hili imeshalisema. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na Suratun Nur imefundisha kutoingia nyumba za watu bila kubisha hodi na kupata idhini. Sanduku la barua ni nyumba. Mume anayemnyang'anya mkewe simu asome, au shangazi anayeingia kwenye akaunti ya binti kwa kuwa ndiye aliyemfungulia, wajiulize wamebisha hodi kwa nani. Katiba ya Kenya nayo, Kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, na sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inamtoza anayeingia bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Saiba inayorundika nakala za vitambulisho nayo ina wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Ikiwa umeshanyang'anywa akaunti, usikimbilie kwa mtu wa Facebook anayedai anarejesha akaunti kwa ada. Huyo ni mwizi wa pili. Ingia ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti ukiwa na simu uliyozoea kuitumia, mahali ulipozoea kuitumia, kama vile nyumbani kwako. Mfumo huangalia hayo. Kujaribu kwa simu ya kuazima ukiwa ng'ambo ya mpaka kunapunguza bahati yako. Ukishaipata, pitia upya yote niliyotaja: namba, baruapepe ya pili, vifaa, usambazaji, nywila. Kisha badilisha nywila za iTax, eCitizen na benki, uwaambie jamaa zako kwamba barua zilizotoka siku zile si zako.

Limebaki la wasia. Sisi huandika deni na amana, lakini akaunti hatuzitaji, na familia hubaki ikihangaika na hati za shamba zilizokuwa ndani ya baruapepe ya marehemu. Google ina mahali pa kupanga hilo mapema, panaitwa Kidhibiti cha Akaunti Isiyotumika. Unachagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na ukikaa kimya muda huo wote, mtu uliyemtaja hupewa ujumbe na ruhusa ya kupakua ulivyochagua. Barua zenyewe, picha, nyaraka, kila kimoja unakiamua peke yake. Unaweza kumpa mwanao hati za shamba na barua zako ukaziacha zifutwe.